Mnara wa Dunda na stori ya maharamia: jinsi ya kuusoma mnara wa zamani mwenyewe ukienda Bagamoyo

Kila nikipeleka wageni Bagamoyo lazima tukutane na yule mtu. Sio mmoja, wapo wengi, mara ni kijana aliyejipa kazi ya kuongoza wageni pale njiani, mara ni binamu yangu mwenyewe katoka Dar kashasoma kitu kwenye simu, anasimama mbele ya ule mnara wa mviringo wa Dunda, ananyoosha kidole, anasema huu ulijengwa kuzuia maharamia. Watu wanapiga picha, wanaondoka. Na mimi nilishaisema hiyo stori, nikaisema kwa kujiamini kabisa mbele ya shangazi yangu ambaye ni mtu wa pwani hasa, akaniangalia akauliza kitu kimoja tu: "Sasa baba, haramia anatokea wapi huku? Bahari si iko kule?"

Nikageuka. Bahari kweli ilikuwa kule, nyuma ya mgongo wangu, na mji mkongwe wote umekaa katikati yetu na maji.

Toka siku hiyo nikajifunza kuuangalia mnara kabla ya kumsikiliza mtu, na ndo nataka kuwaonesha namna ya kufanya. Huhitaji digrii ya mambo ya kale. Unahitaji viatu vya kutembelea, kamba ya mita kama 20 hivi, kijiti cha mita 1, daftari, na nusu siku. Swali ni moja tu, ukilishika hilo mengine yanajipanga yenyewe: aliyejenga hapa alikuwa anamwogopa nani? Mnara hauwezi kudanganya kwenye hilo, mtu hajengi ukuta mzito upande asioogopa.

Anzia baharini, sio mnarani

Watu wengi wanashuka kwenye gari wanaenda moja kwa moja kwenye jengo. Usifanye hivo. Nenda kwanza ufukweni pale karibu na soko la samaki, na ukiweza panga safari yako ikutane na maji kupwa, tena maji ya bamvua ndo mazuri zaidi, siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Muulize mvuvi yeyote atakwambia saa ngapi maji yanatoka, hamna haja ya programu ya simu.

Ukifika pale maji yakiwa yametoka utaona kitu ambacho kinaeleza nusu ya historia ya mji: ufukwe wa Bagamoyo ni tambarare na maji yake ni mafupi, yanakimbia mbali, jahazi linakaa kwenye mchanga limeinama ubavu, na meli kubwa yenye kina haiwezi kusogea karibu. Ndo maana enzi zile meli zilitia nanga mbali huko, watu na mizigo wakaletwa kwa mashua na mwisho wakabebwa mabegani. Ndo sababu mojawapo pia iliyofanya Wajerumani wahamishe makao makuu yao kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, kule bandari ina kina na imejificha.

Sasa simama pale ujifanye haramia. Sio utani, ndo njia yenyewe. Una vyombo vyako, una watu wako, unataka kuvamia mji uchukue watu na mali uondoke haraka. Utaingia maji yakiwa yamejaa, si ndio? Kwa sababu yakitoka na wewe upo ndani mjini, chombo chako kimekwama mchangani na wenye mji wanakufuata. Utakuja na upepo gani? Kama unatoka kusini, unataka kusi, kama unatoka kaskazini unataka kaskazi. Na mwenye mji anayekuogopa atataka jicho lake likae wapi? Atalitaka mbele, juu, mahali ambapo tanga linaonekana likiwa bado mbali, ili apige ngoma au awashe moto watu wakimbie.

Umeshapata picha hiyo, sasa ndo nenda Dunda.

Zunguka mara mbili kabla hujagusa kitu

Kutoka ufukweni panda mjini, pita mitaa ya mji mkongwe na zile nyumba zenye milango ya nakshi, endelea kwenda upande wa bara. Mnara uko huko, jirani na njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi na pembe za ndovu, na watumwa pia, wakitokea Unyamwezi na Ujiji. Hapo hapo simama ujiulize tena swali la shangazi yangu. Mnara wa kuzuia maharamia umewekwa nyuma ya mji? Yani haramia apite ufukweni, avunje nyumba zote, achukue anachotaka, ndo mlinzi amwone?

Mzunguko wa kwanza tembea tu bila kuandika. Mzunguko wa pili angalia mambo haya, na kila moja andika ulichokiona, sio ulichoambiwa.

Umbo. Ni duara. Mnara wa duara hauna kona ya adui kujibanza, na mlinzi aliye juu anaona pande zote.

Matundu. Chungulia ukubwa wake. Tundu la mzinga ni pana, mdomo wa chuma kizito lazima upite na ugeuke kidogo kulia na kushoto. Tundu la bunduki ni jembamba, upana wa kupitisha mtutu na kulengea jicho. Ukiona vitundu vyembamba ujue mwenye mnara alikuwa anategemea kupigana na watu wanaokuja kwa miguu, karibu karibu, sio na meli iliyotia nanga maili 2 huko. Bunduki ya mwaka 1889 hutaisimamisha nayo jahazi lenye mizinga.

Mlango na ngazi. Minara mingi ya aina hii duniani ina ujanja mmoja, mlango wa zamani unawekwa juu, unapanda kwa ngazi ya kunyanyuka, ukishaingia unaivuta ndani na waliobaki chini wabaki chini. Kwa hiyo usidanganyike na ngazi au mlango utakaoukuta leo, tafuta alama: mawe ya kizingiti ambayo hayafanani na mengine, au plasta ya rangi tofauti yenye umbo la mlango.

Unene wa ukuta. Hapa natoka nje ya Bagamoyo kidogo maana mfano wake ni mtamu. Waingereza mwanzoni mwa karne ya 19, wakimwogopa Napoleon, walijenga minara 103 kwenye pwani zao za kusini na mashariki, inaitwa Martello. Jina lenyewe walilichukua kwenye mnara wa Mortella, kisiwa cha Corsica, ambao Februari 1794 uliwatoa jasho, meli 2 za kivita ziliupiga na mnara ukasimama, mwisho wakauteka kwa mizinga ya nchi kavu. Wakauiga. Na walipouiga, ukuta wa upande wa baharini wakaujenga mzito kuliko wa upande wa nchi kavu. Hata kama nyaraka zote zingeungua, ukipima ukuta tu ungejua adui alitarajiwa kutokea wapi.

Na Corsica huko huko ndo kwenye minara ya maharamia kwelikweli. Watawala wa Genoa waliijenga karne ya 16 kuzunguka kisiwa kizima kwa sababu vyombo kutoka Afrika Kaskazini vilikuwa vinashuka vijijini kukamata watu. Iko kwenye ncha za miamba, imetazama maji, na juu kuna sakafu ya kuwashia moto, mlinzi wa mnara mmoja akiona matanga anawasha, wa mnara wa jirani anaona moshi na yeye anawasha, habari inazunguka kisiwa haraka kuliko farasi. Kwa hiyo mnara wa maharamia hauishi peke yake, una ndugu, ukipata mmoja tafuta wa pili ambao unaonana nao. Dunda panda juu ukiruhusiwa, tafuta ndugu yake upande wa bahari. Niambie ukimwona.

Vipimo bila kukodi fundi

Watu wanaogopa sehemu hii na ndo rahisi kuliko zote. Zungusha kamba kwenye mnara usawa wa kifua, pima urefu wa hiyo kamba, gawanya kwa 3.14, umepata upana wa mnara kutoka ukuta hadi ukuta. Kimo tumia jua. Simamisha kijiti chako cha mita 1 wima, pima kivuli chake. Mara hiyo hiyo, kabla jua halijasogea, pima kivuli cha mnara kuanzia chini ya ukuta, upande ule kivuli kinapolalia, mpaka ncha yake. Kivuli cha mnara gawanya kwa kivuli cha kijiti. Mfano tu, kijiti kina kivuli cha sentimita 50 na mnara una kivuli cha mita 3, basi mnara una mita 6. Saa 6 mchana haifai, kivuli kinakuwa kifupi na makosa yanakuwa makubwa, fanya saa 3 asubuhi au saa 10 jioni.

Mawe yanaongea lakini sementi inaingilia

Sogelea ukuta. Majengo ya zamani ya pwani yetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, chokaa yenyewe inatokana na matumbawe hayo hayo yakichomwa kwenye tanuu la magogo, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Ndo maana vyumba vingi vya zamani ni vyembamba, boriti ya mkoko haizidi sana mita 3, fundi alifuata urefu wa mti.

Ukikuta sehemu ngumu, ya kijivu, imenyooka sana, hiyo ni sementi, ni ukarabati wa baadaye, isikupe tarehe. Na kama kuna mtu wa kamati ya mtaa anasoma hapa, jamani, sementi juu ya ukuta wa chokaa sio zawadi. Ukuta wa chokaa unapumua, unyevu unaingia na kutoka, ukiuziba kwa sementi maji yanabaki ndani, chumvi inasukuma plasta na jiwe linaanza kumeguka kwa ndani huku nje panaonekana papya. Nimeona hiyo kazi mahali, sitapataja, roho iliniuma.

Sasa nani alikuwa anaogopwa

Hapa ndo unaunganisha ulichokiona na tarehe. Mnara wa Dunda ulijengwa 1889, na aliyeujenga ni Hermann von Wissmann, kamishna wa Kijerumani. Ukishaijua hiyo tarehe tu stori ya maharamia inaanguka yenyewe, maana angalia nani alikuwa anamiliki bahari mwaka huo. Toka Desemba 1888 manowari za Wajerumani na Waingereza zilikuwa zimefunga pwani hii, zinakagua vyombo kuzuia silaha na watumwa. Baharini Mjerumani alikuwa amelala usingizi. Nchi kavu ndo hakulala.

Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipewa na Sultani wa Zanzibar usimamizi wa pwani na ushuru wake, na mwezi Agosti wakaanza kushusha bendera ya Sultani na kupandisha yao. Pangani kukawaka kwanza. Aliyeibuka kuongoza ni Bushiri bin Salim al-Harthi, mwenye mashamba ya miwa huko Pangani, na Septemba vita ikafika Bagamoyo, mabaharia wa meli ya kivita Leipzig wakashushwa kuokoa nyumba ya kampuni. Watu wa mji kwa maelfu wakakimbilia misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, ile iliyokuwepo hapo toka 1868.

Wissmann alifika 1889 na jeshi la kukodi, Wasudani walioajiriwa Misri na wengine kutoka Msumbiji, na Mei mwaka huo akaipiga boma ya Bushiri iliyokuwa karibu na Bagamoyo. Bushiri akatoroka akaenda bara, akarudi na watu wengine, Wajerumani hawakujua atatokea njia gani. Basi ukishika hiyo, mnara wa duara wenye vitundu vya bunduki, nyuma ya mji, kwenye njia ya kutoka bara, unaelewa wenyewe bila kuelezwa. Bushiri alikamatwa na kunyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, Bwana Heri wa Saadani, kiongozi mwingine wa vita hiyo, akashikilia mpaka mwaka uliofuata.

Na hii hofu ya kutokea bara haikuanza na Mdachi, ndo jina la zamani la Mjerumani. Simulizi za Washomvi, wenyeji wa pwani hii, zinawataja Wakamba waliowasumbua zamani mpaka wakaomba msaada kwa Wazaramo chini ya kiongozi wao Pazi, na malipo ya msaada huo yakaitwa kanda la pwani. Bahari kwetu ilileta wageni na biashara, shida nyingi zilishuka kutoka mlimani, samahani ndugu zangu wa bara.

Chunga neno lenyewe haramia

Maana kuna mtego. Haramia ni jina ambalo mtu anapewa na adui yake. Mwishoni mwa karne ya 16 alitokea Mturuki, Mir Ali Bey, akaja pwani hii mara 2 na meli chache sana, miji mingi ya Waswahili ikampokea kwa furaha kwa sababu imechoka na Mreno. Kwenye maandishi ya Wareno ni haramia. Kwa watu wa Mombasa wa wakati ule alikuwa mgeni mwenye mizinga aliyekuja kwa wakati wake. Wareno walimkamata 1589, na miaka minne baadaye, 1593, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa ili asitokee wa pili. Kwa hiyo hiyo ngome ukitaka unaweza kusema ni ya maharamia, lakini sema ni maharamia wa nani.

Wajerumani nao vita ya Bushiri waliiita uasi wa Waarabu, ionekane ni wauza watumwa wanatetea biashara yao. Walikuwemo Waarabu ndio, ila walikuwemo Waswahili, Wazigua, Wabondei na wengine wengi ambao walichokuwa wanagombea ni nchi yao na ushuru wao.

Waliokuwa wavamizi wa bahari kweli kwenye upande wetu huu ni Wasakalava wa Madagascar, mwanzoni mwa karne ya 19, walikuwa wanakuja na mitumbwi mingi kukamata watu. Visiwa vya Komoro vilijizungushia kuta kwa ajili yao, na mji wa Kua pale Juani, Mafia, simulizi zinasema wao ndo waliuvunja. Ukitaka stori ya maharamia nenda Kua ukaangalie magofu, pale inakaa mahali pake.

Kuuliza wazee

Hii sehemu watu wanaiharibu kwa haraka. Usifike na daftari mkononi. Fika na shikamoo, kaa, ukipewa kahawa kunywa, uliza habari za nyumbani. Na usimpe mzee jibu ndani ya swali. Ukisema "Babu, eti huu mnara ulikuwa wa maharamia?" atakwambia ndiyo mwanangu, sio kwamba anajua, ni adabu tu, hataki kumvunja mgeni. Nilifanya kosa hilo. Mara ya pili nikamuuliza mzee mwingine, "Babu, nyie mlipokuwa wadogo huu mnauitaje?" Akasema, "Ule? Wa Mdachi." Basi. Neno moja limefanya kazi ya kurasa kumi. Uliza jina, uliza watoto walikatazwa kucheza wapi, uliza nani alikaa humo baadaye. Uliza watu watatu wasiokaa baraza moja.

Alafu linganisha na karatasi. Jumba la makumbusho la misheni pale pale Bagamoyo lina picha za zamani, na Nyaraka za Taifa Dar zina mafaili ya enzi ya Mjerumani, mengi kwa Kijerumani chao cha mkono, tafuta mtu wa kukusaidia kusoma. Picha ya zamani ni dhahabu, inakuonesha kilichokuwa kimeuzunguka mnara kabla ya nyumba za sasa.

Kitu kingine kabla sijasahau, usichanganye minara. Ule wa kanisa la zamani kule misheni, wanaouita wa Livingstone kwa kuwa maiti yake ilipumzishwa pale Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar, sio wa ulinzi, ni wa kanisa. Ngome Kongwe nayo ilianza kama nyumba ya mtu mwaka 1860, Abdallah Suleiman Marhabi, kila mtawala aliyefuata akaongeza lake, kwa hiyo pale usitafute tarehe moja, tafuta matabaka. Na lile boma kubwa la Wajerumani ni la 1897, ofisi zaidi kuliko ngome.

Kuhusu safari, kutoka Dar kosta zinatoka stendi ya Makumbusho, ukishuka stendi ya Bagamoyo chukua bajaji useme Dunda, au tembea. Jumapili mchana gari za kurudi zinajaa vibaya, ukichelewa utasimama mpaka Bunju. Kama muda umebaki panda bodaboda mpaka Kaole, kama kilomita 5 kusini, kuna msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo, na pale ndo utaona mikoko imeota ilipokuwa bandari. Shangazi tulipofika huko alikaa kwenye jiwe, akavua kandambili, akasema hapa sasa ndo pa kuangalia bahari.